Bunduki Kumi, Meza Moja

Bunduki ya kumi ilikataa kufunga.

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi, msomaji, na tangu hapo katika karakana ile ya mji wa Herstal hakuna aliyethubutu hata kujikuna. Kwa yule aliyefungia maandazi gazeti lake kabla hajalisoma, nitarudia upesi upesi.

Wanunuzi walikuja kutoka nchi ya theluji, wakitaka bunduki za rashasha mia mbili. Kiongozi wao alikuwa Bi Ragnhild Tveit, sajini mkuu, mwanamke mwenye mabega ya kuzibia mlango. Alichagua bunduki kumi kwa kidole chake mwenyewe, akaamuru zifunguliwe zote, kisha akakunja mikono ya shati na kuvichanganya vyuma vyote juu ya meza moja ndefu, kama mtu anayevuruga karata.

"Sasa ziungeni," alisema. "Kumi. Mkono ushike kinachokuja, usichague."

Maana hiyo ndiyo dini ya bunduki ya siku hizi. Mtutu wowote ukae katika mwili wowote, komeo lolote la kufungia nyuma lifunge mtutu wowote. Mtutu ukipata moto kwa kupiga, askari anauchomoa na kuchomeka wa akiba kabla hujamaliza kupiga chafya. Hana nafasi ya kuuliza huu ni wa nani.

Tisa zilifunga. Kwenye ya kumi, komeo lilifika shingoni mwa mtutu, likatakiwa lizunguke kidogo tu lijifunge, likagoma kama mbuzi aliyeonyeshwa zizi la jirani.

Na Servais Crahay, fundi wa kuunga, miaka sitini na tatu, mgane wa miezi minane, alisimama nyuma ya meza, mkono mfukoni, ameikamata tupa yake ndogo kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Kwa sababu mtutu ule aliujua. Aliujua kama unavyokijua kikohozi cha mtu wa nyumbani kwako.

"Ni uchafu tu," alisema mhandisi Quentin Ruelens. Alikuwa kijana wa Brussels, mwaka wa tatu kiwandani, na mikono yake ilikuwa laini ungedhani analala nayo ndani ya glavu. "Grisi kidogo iliyoganda. Tunaufuta, tunaendelea."

Bi Tveit aliinama akachungulia. "Uchafu naujua, bwana. Nimelea wavulana watatu. Huu si uchafu."

Akatazama saa ya ukutani. Saa sita kasorobo.

"Tukale. Saa nane mnipe jibu. Kosa likiwa la mitambo yenu, kalamu yangu haitoki mfukoni. Likiwa la mkono wa mtu mmoja, nionyesheni mkono huo, tuendelee na kazi."

Kila mtu alielewa. Tangu kiangazi ofisi ilikuwa imeshasema: mzigo huu ukikataliwa, karakana inafungwa, mitambo inapakiwa, watu arobaini na mmoja wanapewa mkono wa kwaheri. Ofisi haikosi barua ya namna hiyo. Huwa imeshaiandika, inasubiri tarehe tu.

Mhandisi aliwaongoza wageni kwenye chumba cha wakubwa, kwenye vitambaa vyeupe. Lakini mlangoni alisimama, akamnong'oneza msimamizi wa zamu maneno mawili matatu, akaonyesha zile bunduki tisa kwa kidevu. Servais aliona kile kidevu. Maneno hakuyasikia.

Angeyasikia, hadithi hii ingekuwa fupi.

* * *

Kwenye bwalo la wafanyakazi kulikuwa na madonge ya nyama kwenye mchuzi mtamu mweusi, na viazi vya kukaanga. Servais alikuwa anakisukuma kiazi kimoja huku na huku kama anakifundisha kutembea.

Nelly Bovy akaja akaketi mbele yake. Nelly alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, fundi wa kuunga kama yeye, mfupi wa kimo, na ulimi uliofidia upungufu wote.

"Sema," alisema.

"Niseme nini?"

"Servais, miaka ishirini na sita nakaa meza moja na wewe. Ukiwa na njaa unakula, ukiwa na hasira unakula. Leo huli. Kwa hiyo umefanya kitu."

"Sijafanya kitu."

"Basi nipe hilo donge la pili."

Akampa. Nelly akalitazama donge, akamtazama yeye, akaweka uma chini.

"Mama yangu! Umefanya kitu kikubwa."

Servais akasogeza kiti. "Ule mtutu... una muhuri wa kumi na saba."

Nelly akasogeza sahani kando. Kumi na saba ilikuwa namba ya Fernande, mke wa Servais.

Miaka thelathini na moja Fernande Crahay aliketi dirishani akitazama ndani ya mitutu. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Anauinua mtutu kwenye mwanga, anafumba jicho moja, anaangalia pete za kivuli mle ndani. Pete zikikaa sawa, mtutu umenyooka. Zikipinda hata unywele, anaurudisha. Hakuwahi kukosea, na hakuna mkubwa aliyewahi kumwambia hivyo akiwa hai. Kisha wakaleta mashine yenye kioo, wakamhamishia Fernande kwenye kona, "kwa muda."

"Wiki yake ya mwisho aliniambia ameuona mtutu ulionyooka kuliko yote ya maisha yake," Servais alisema. "Wa bunduki ya Kifupi. Akaupiga muhuri. Mashine ikaukataa. Inasema unyoofu ni sawa, lakini shingoni umebana. Umebana kiasi gani? Kiasi cha pumzi! Wakautupa kwenye pipa la chuma chakavu. Alipokufa, ofisi ilileta maua, na siku hiyo hiyo wakaja kulichukua pipa liende tanuruni."

"Na wewe ukautoa."

"Nikautoa."

"Na kwa kuwa umebana..."

"Nikautafutia komeo. Nikayapunguza masikio yake ya kujifungia kwa tupa, mikwaruzo mitatu kila upande, mpaka likaukubali. Nelly, lilifunga kama mlango wa kabati la nyumbani! Hata sauti huisikii. Nikaiunga bunduki, ikapimwa, ikapita. Nikasema, basi, hata kama ni jeshini huko kwenye barafu, kuna mahali jina lake litakuwa linafanya kazi. Si kuyeyushwa ili wafanye vifuniko vya mitaro."

Nelly alitaka kucheka, akajizuia, akacheka.

"Umeozesha bunduki!"

"Baba yangu aliozesha vyuma maisha yake yote, na babu yake kabla yake. Kila kipande na mwenzake. Ndivyo bunduki ilivyotengenezwa katika mji huu kabla wahandisi hawajazaliwa."

"Za kuwindia sungura, mzee! Zile tajiri anazoning'iniza sebuleni. Hii ni rashasha. Vyuma vyake havina ndoa, vinalala popote."

"Najua."

"Halafu sajini wa watu amekuja, amewatenganisha mke na mume mezani mbele ya mashahidi."

"Cheka tu."

"Nacheka ili nisikupige na sahani." Akavuta lile donge karibu. "Na bora ungechagua kumharibu Mama au Butu. Kwa nini Kifupi, na sisi ndio tunakula kwa Kifupi?"

Hayo ndiyo majina ya mafundi. Ofisini kila bunduki ina herufi na namba ndefu kama za mfungwa, lakini karakanani wanaijua familia. Mama ndiye wa asili: mtutu mrefu, kitako imara, miguu miwili mbele, mtulivu. Butu ni wa magarini. Kitako hana, anafungwa kwenye kifaru na kufyatuliwa kwa umeme kama taa ya sebuleni. Shangazi anakula risasi nene, ana uzito, ana sauti, na akianza kusema kila mtu anainama. Na Kifupi ni wa askari wa miavuli: mtutu umekatwa, kitako kinasukumwa ndani, na kwa kuwa mtutu ni mfupi, moto wake ni mkubwa na joto linapanda haraka. Ana hasira za watu wafupi, husema mafundi, kisha humtazama Nelly.

Wote wanne hula mkanda wa risasi. Lakini Mama na Kifupi, mkanda ukiisha, hula hata magazini ya bunduki ya jirani, kama mgeni asiyechagua chakula.

"Nitamwambia yule sajini," Servais alisema. "Saa nane. Amesema akionyeshwa mkono wa mtu mmoja, wataendelea. Haya, mkono ni huu. Mimi watanifukuza, mtutu wataupeleka tanuruni, nyinyi mtabaki."

Alisema "mtutu" taratibu kuliko maneno mengine.

Nelly alikuwa ameshikilia uma hewani, anatazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Servais. Na komeo?"

"Komeo gani?"

"Lile ulilolikwaruza. Mke amepatikana, amegoma kulala na mgeni. Mume yuko wapi?"

Servais akaanza kuyahesabu kichwani.

Makomeo yalikuwa kumi mezani. Lililokutana na mtutu wa Fernande lilikuwa zima, ndiyo maana liligoma. Basi lile lililopunguzwa lilikuwa ndani ya moja ya zile tisa. Nalo halikugoma. Lisingeweza kugoma! Komeo lililokwaruzwa, ndani ya mtutu wa kawaida, linafunga kwa utamu, linafunga kwa ulegevu, linachekacheka mle ndani. Na risasi ikilipuka, ganda lake halina mgongo wa kuegemea. Linapasuka. Moto na vipande vinarudi nyuma, na nyuma ndipo penye shavu la mpigaji.

"Bado hazijapigwa," Servais alisema haraka. "Lazima zipimwe kwanza. Kipimo kitaliona. Sheria ni kupima kwanza."

Ndipo, kutoka chini ya kilima, nyuma ya ghala, wakausikia mlio.

Trrrr. Kimya. Trrrr. Kimya. Trrrr.

"Nani anapiga?" Servais aliuliza, ingawa mpiga majaribio wa zamu ile alikuwa mmoja tu.

"Maggy," msimamizi wa zamu alijibu kutoka meza ya pili, mdomo umejaa viazi. "Mhandisi kaamuru zile tisa zipigwe wageni wakiwa mezani, wakitoka wazikute zimeshapata moto. Kupima kunakula dakika arobaini, kasema. Zimefunga, si zimefunga?"

Maggy Lhoest. Binti aliyebatizwa mikononi mwa Servais, akamlilia shati lake jipya, na Fernande akacheka mpaka padri akakasirika.

Kiti kilianguka. Servais alikuwa ameshafika mlangoni.

* * *

Miaka sitini na tatu, magoti ya chuma chakavu, na uwanja wa mita mia tatu. Nelly nyuma yake, miguu mifupi ikienda mara mbili.

Kila bunduki ilikuwa inapigwa mikupuo mitatu, kisha inawekwa pembeni. Servais alikimbia huku anahesabu. Ile ilikuwa ya nne? Ya tano? Kila mkupuo ulipoanza alikaza meno, na kila ulipokwisha salama alimshukuru Mungu ambaye walikuwa hawasemeshani tangu Februari ya msiba.

Mlango wa shimo la kupigia majaribio ulikuwa umefungwa. Taa nyekundu inawaka. Bawabu yuko kwenye kiti chake na chupa yake ya kahawa.

"Fungua!"

"Kadi, Mzee Servais."

"Fungua mlango, wewe!"

"Kadi kwanza. Na hata hiyo kadi yako, ofisi ilishaifuta kwenye mlango huu tangu mwezi wa sita."

"Miaka arobaini na tatu naingia hapa!"

"Na mimi ishirini nilikufungulia. Siku hizi anayefungua ni kompyuta. Jaza fomu. Sababu ya kuingia?"

"Mtu atakufa!"

Bawabu akaitazama fomu kwa masikitiko ya kweli. "Hiyo haimo. Kuna matengenezo, ukaguzi na usafi."

Trrrr. Kimya. Trrrr. Kimya. Trrrr.

"Hiyo ya ngapi?" Nelly alifika akihema.

"Ya saba."

"Basi andika usafi, mpumbavu wewe, andika chochote!"

Servais hakusubiri fomu. Ukutani kulikuwa na kile kisanduku chekundu cha king'ora cha moto, chenye kioo. Akachomoa tupa mfukoni, ile ile, akakipiga kioo kwa mpini. Kikavunjika. Akabonyeza.

Kiwanda kizima kikapiga kelele.

"Angalau leo tupa yako imefanya kazi halali," alisema Nelly.

* * *

King'ora kikilia, umeme wa shimoni unakatika wenyewe, na kila mtu, awe waziri au mfagizi, lazima atoke asimame uwanjani kwenye mstari wa karakana yake. Sheria hiyo waliitunga wakubwa, na siku hiyo iliwatoa wakubwa wenyewe. Walikuja mbiombio, mhandisi Ruelens mbele, kitambaa cheupe bado kimening'inia shingoni, na tone la mchuzi kwenye tai.

Maggy alitoka shimoni akivua viziba masikio.

"Nani amewasha? Ya nane nilikuwa nimeshailaza mkanda!"

Servais alimtazama uso. Ulikuwa mzima. Macho mawili, shavu, kila kitu mahali pake.

"Moto uko wapi?" mhandisi alifoka. "Nani amebonyeza?"

"Mimi."

"Bwana Crahay! Mbele ya wageni!"

"Ndiyo. Mbele ya wageni. Maana nyuma ya wageni ulikuwa unampigisha mtoto wangu wa ubatizo bunduki zisizopimwa." Akamgeukia Bi Tveit. "Mama, ulitaka mkono. Huu hapa."

Akasimulia. Hakupamba. Pipa, mtutu, muhuri, mikwaruzo mitatu. Alipofika kwa Fernande alisema tu "mke wangu alikuwa mtazama mitutu," akapita.

Bi Tveit aliagiza kipimo na zile tisa ziletwe. Akapindua sanduku tupu, akapiga goti, akaanza. Kipimo kile ni kipande cha chuma chenye umbo la risasi, kinaitwa Usipite: komeo likikataa kukifunga, bunduki ni salama. Likikubali, kuna ulegevu.

Ya kwanza, komeo lilikataa. Ya pili, lilikataa. Uwanja mzima, watu mia tatu, ulisikiliza chuma kikigonga chuma. Ya tano. Ya sita. Ya saba, likakataa.

Ya nane, komeo lilijifunga juu ya Usipite kama kijiko ndani ya siagi.

Maggy aliitazama ile bunduki. Kisha akaitazama mikono yake. Kisha akamjia Servais na kumpiga ngumi begani, ngumi ya kweli.

"Ningekufa kwa mapenzi yasiyo yangu, Baba Servais!"

"Najua."

"Mimi hata mchumba sina!"

"Najua, mwanangu."

"Tangu lini unajua?" Na hapo akalia, palepale kwenye shati, kama siku ya ubatizo.

Bi Tveit alikuwa amelichomoa lile komeo. Akaagiza mtutu wenye muhuri wa kumi na saba. Akauinua kwanza kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akawarudisha mke na mume pamoja.

Hakuna aliyesikia kitu. Lilifunga bila sauti.

Akalifungua, akalifunga tena. Tena.

"Hii ndiyo bunduki bora niliyopata kushika," alisema. "Na haifai kitu."

"Ndiyo, mama," Servais alisema.

"Askari wangu akipoteza komeo lake matopeni, ataokota la mwenzake. Akikuta vyuma vyako, mmoja wao anakufa."

"Ndiyo, mama."

Mhandisi Ruelens alikuwa amesikia jambo moja tu katika hayo yote, na lilimwangaza uso kama mtu aliyeokota pochi.

"Kwa hiyo ni mtu mmoja!" alisema. "Umeona mwenyewe, Bi Tveit. Mitambo haina kosa, michoro haina kosa. Ni mkono mmoja, na mkono huo kuanzia sasa haumo hapa. Mtutu utayeyushwa leo leo. Saa nane tunatia saini?"

Kuhusu nani alikataza kupima, hakukumbuka. Wakubwa wana kumbukumbu yenye mlango wa kadi.

Servais akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameshaaga. Watu arobaini wangebaki na kazi, Maggy alikuwa na shavu lake, na Fernande... Fernande angesema, "Wewe na tupa yako," kisha angemkatia mkate.

Bi Tveit alisimama, akapangusa goti.

"Swali moja, mzee. Ulifanya peke yako?"

"Peke yangu."

"Hakuna mwingine katika karakana hii anayepitisha tupa?"

"Hakuna, mama. Naapa."

Mstarini mtu akakohoa. Wengine wakatazama viatu vyao.

Nelly Bovy aliinua mkono.

"Shusha mkono, Nelly," Servais alinong'ona.

"Siwezi. Umenichoma na hadithi yako." Akamgeukia sajini. "Moja tu, mama. Ilikuwa Pasaka. Komeo lilikuwa linafunga, sikatai, lakini lilikuwa linakwangua. Kidogo. Lilikuwa linaniudhi."

"Nelly!" alisema Servais.

"Unadhani ni wewe peke yako uliyezaliwa Herstal?"

Nyuma yake mkono mwingine ukapanda. Ulikuwa wa Toussaint Piette, fundi aliyesifiwa na ofisi mara mbili kwa kufuata utaratibu. "Mimi mbili," alisema. "Tatu, ukihesabu ile ya siku ya mvua."

Mkono mwingine. Mwingine. Mmoja alisema alipunguza kidogo sana, hata si kupunguza, ni kama kupapasa. Mmoja alisema aliifanya kwa ajili ya mpwa wake aliye jeshini, kisha akakumbuka kwamba mpwa wake hayuko katika jeshi la nchi ya theluji.

Servais alihesabu mikono. Ishirini na mitatu. Katika karakana ya watu arobaini na mmoja.

Mhandisi Ruelens aliketi juu ya sanduku bila kuangalia kama ni safi. "Mna wazimu," alisema polepole. "Mmewekewa mitambo ya kupima hadi unywele, na nyinyi mnakwangua kwa tupa?"

"Bwana mhandisi," Nelly alimjibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha, "mitambo yako inatuletea vyuma vinavyokaribia kufaa. Tuliandika barua tatu. Uliijibu ipi? Fundi wa hapa akipokea chuma kinachokaribia, mkono unakwenda mfukoni wenyewe."

Bi Tveit hakuwa anawasikiliza tena. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, mwanamke yule ambaye dakika moja iliyopita ungedhani hata barafu inamwogopa.

"Masanduku manne ya mwanzo," alisema. "Yale mliyotutumia mwezi uliopita, ya kufundishia. Bunduki arobaini."

"Yalitoka karakana hii," alisema Nelly.

"Kambini kwetu wanazifungua zote pamoja. Wanaziosha kwenye beseni moja. Wanaziunga kwa kuokota." Akatazama saa. "Leo wanazipiga kwa mara ya kwanza. Saa saba."

Saa ya mnara wa kiwanda ilionyesha saa saba na dakika mbili.

Alichomoa simu, akabonyeza, akaiweka kwenye sauti ya juu ili mikono iwe huru kuandika. Ikaita. Ikaita. Watu mia tatu waliisikiliza ikiita katika nchi wasiyoijua. Ishirini na watatu kati yao walikuwa bado hawajashusha mikono.

Mtu akapokea.

"Simamisheni!" Bi Tveit alipiga kelele. "Simamisheni kupiga!"

Aliyepokea hakumsikia. Kwa upande ule kulikuwa na kelele kubwa mno, na Servais Crahay, bila kutaka, akaanza kuhesabu.

Trrrr. Kimya.

Trrrr. Kimya.

Akasubiri wa tatu. Badala yake ikasikika sauti moja tu, fupi, butu, kama mlango wa kabati uliofungwa kwa hasira, kisha mtu akaanza kuita jina.